Mstari mweusi kwenye mfereji wa ngome: je, kazi isimame?

*"Nasimamia mafundi kwenye ukarabati wa ngome moja ya kale hapa pwani. Tunabandua lipu ya saruji ili kurudishia ya chokaa, na tunachimba mfereji wa kutoa maji ya mvua uani, kina cha mita moja hivi, ukipita kando ya ukuta mkuu. Tumewekewa mwanaakiolojia anayesimama juu ya mfereji kutwa nzima. Wiki iliyopita alitusimamisha siku mbili kwa sababu ya mstari mweusi kwenye udongo na vigae vichache. Hapakuwa na dhahabu wala chochote. Siku za mkataba zinakwisha. Isitoshe, sehemu hiyo hiyo ilishachimbwa zamani kupitisha bomba, kwa hiyo sidhani kama kuna kitu kilichobaki. Je, ana haki ya kutusimamisha? Akikuta kitu kikubwa kazi itafungwa? Na nikiri jambo moja: kabla hajaja, vijana walitoa tufe la chuma, nadhani la mzinga. Tumeliweka stoo. Tulifanyeje?"*

Pole na kazi, ndugu yangu. Naanza na ulilolitaja mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kumuumiza mtu. Nenda stoo ukalitazame tufe hilo bila kulishika. Je, lina tundu mahali, au kitu kama kizibo cha mbao au cha shaba? Kama lina tundu, au kama kutu imelifunika hata huwezi kujua, lichukulie kuwa ni kombora lenye baruti ndani. Funga mlango, waondoe watu, piga simu polisi waje na watu wao wa mabomu. Usilibebe kuwapelekea.

Sisemi hivi kukutisha. Matufe mengi ya mizinga ya zamani ni chuma kitupu. Yalivunja kuta kwa uzito na kasi yake, na hayalipuki. Lakini pwani yetu ilipigwa pia kwa makombora ya kupasuka. Mwaka 1875 meli za kivita za Uingereza ziliishambulia Fort Jesus, ngome ya Mombasa, na tarehe 27 Agosti 1896 zililipiga jumba la Sultani wa Zanzibar, karibu kabisa na Ngome Kongwe. Baruti nyeusi iliyokaa kavu ndani ya chuma inaweza kubaki na nguvu yake hata baada ya miaka mia.

Likithibitika kuwa ni chuma kitupu, bado msilipige msasa, msilipake oili, wala msilianike juani. Chuma kilichokaa kwenye udongo wa pwani kimejaa chumvi. Kikitoka na kukutana na hewa, chumvi ile huvuta unyevu, kutu huzaliwa ndani kwa ndani, na miezi michache baadaye tufe lililotoka zima linamenyuka magamba kama kitunguu. Liacheni kivulini na udongo wake. Baadaye nitakwambia umpelekee nani.

Sasa tuje kwenye mfereji. Umesema hapakuwa na dhahabu wala chochote, na hapo ndipo penye kutoelewana kwenu. Huyo mtu hatafuti dhahabu. Angeikuta angeifurahia kama binadamu mwingine yeyote, lakini siyo iliyomleta. Amekuja kwa sababu mnachimba, na ardhi ya ngome haichimbwi mara mbili. Ukuta mkiukosea mnaweza kuubomoa na kuujenga upya. Udongo uliokwisha kuvurugwa haurudishwi ulivyokuwa hata kwa fedha za dunia nzima.

Fikiria majamvi yaliyotandikwa moja juu ya jingine chumbani kwa miaka mia nne. La chini kabisa ni mwamba wa matumbawe. Juu yake kuna vumbi la mawe ya wajenzi wa kwanza, kisha chokaa iliyomwagika walipokuwa wakipandisha ukuta, kisha jivu la jiko la askari, kifusi cha paa lililoungua, sakafu mpya iliyotandazwa juu ya kifusi, na mwishoni vifuniko vya soda. Kila jamvi lina wakati wake. Kazi ya mwanaakiolojia ni kujua lipi liko juu ya lipi, na kila kitu kimetoka kwenye jamvi gani. Sululu ikipita, yote yanakuwa lundo moja.

Mstari mweusi uliowasimamisha ni jamvi mojawapo, limeonekana kwa ubavu. Kutoka hapa nilipo siwezi kukwambia ni nini. Huenda ni jivu la tanuri la chokaa, maana wajenzi wa zamani mara nyingi walichoma mawe ya matumbawe karibu na kazi. Huenda ni makuti yaliyoungua, au takataka za jikoni. Ila swali alilokuwa akilijibu kwa siku mbili zile nalijua, kwa sababu nami nimelijibu mara nyingi nikiwa nimepiga magoti kwenye mifereji ya watu wengine: mstari huu unakutana vipi na ukuta? Ukipita chini ya msingi, basi ni mkongwe kuliko ukuta. Ukiwa umekatwa na shimo la msingi, vilevile. Ukija ukagota kwenye uso wa ukuta na kuishia hapo, basi ukuta ulikuwapo kwanza. Mambo haya matatu yanatofautiana kwa upana wa vidole viwili tu, na hayaonekani mpaka ubavu wa mfereji usafishwe kwa mwiko, upigwe picha na kuchorwa kwa vipimo.

Vigae navyo vina kazi. Tabaka haliwezi kuwa la zamani kuliko kitu cha karibuni zaidi kilichofukiwa ndani yake. Kigae kimoja cha sahani ya kiwandani ya Ulaya, ile yenye maua ya kupigwa chapa, kinatosha kusema kwamba tabaka hilo ni la karne ya 19 au baada yake, hata kama vimekizunguka vigae ishirini vya kaure ya Kichina ya zamani zaidi. Watu huniuliza kwa nini tusipeleke tu mkaa maabara upimwe umri. Tunapeleka, lakini kwa miaka ya kuanzia 1650 hivi kuja huku kipimo cha kaboni kinayumba vibaya: mkaa mmoja unaweza kurudi na majibu matatu yaliyoachana kwa karne nzima. Kwa ngome zetu nyingi hicho ndicho kipindi chenyewe tunachokitaka. Ndiyo maana mtu mzima mwenye shahada anaokota vipande vya sahani kama kuku.

Unaweza kuuliza, yote hayo yanaisaidia nini ngome? Yanasaidia, kwa sababu ngome zetu zimejengwa na kujengwa tena, na vitabu havisemi kila kitu. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikazingirwa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ilipotwaliwa na Waomani, na kuanzia 1895 hadi 1958 ikawa jela. Gereza la Kilwa Kisiwani limebeba mabaki ya ngome ya Wareno ya 1505 ndani ya jengo la Waomani la karne tatu baadaye. Ngome Kongwe ya Zanzibar imesimama pale palipokuwa na kanisa la Wareno. Hata neno letu "gereza" wataalamu wa lugha hulirudisha kwenye "igreja", kanisa kwa Kireno: kanisa liligeuka ngome, ngome ikageuka jela, na jina likabaki mdomoni mwa watu. Ukuta unaoukarabati wewe huenda ni kuta mbili zilizounganishwa. Asiyejua mshono uko wapi atautia chokaa kana kwamba ni kitu kimoja, na mvua za masika mbili tatu zitamwonyesha ufa ulipo.

Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu linakuhusu wewe kama mjenzi. Umesema mfereji ni wa kina cha mita moja na unapita kando ya ukuta mkuu. Je, unajua msingi wa ukuta huo umeshuka kiasi gani? Kuta nyingi za mawe ya matumbawe zimekaa juu ya mwamba moja kwa moja, na hizo hazina shida. Lakini nyingine zimekaa juu ya kifusi kilichoshindiliwa, na msingi wake ni wa kina kidogo kuliko mnavyodhani. Ukichimba mita moja kando ya msingi wa nusu mita, unauondolea ukuta ulichoegemea. Kisha unauelekezea maji hapo hapo. Katika siku mbili zile mwanaakiolojia wako alikuwa akiufunua msingi huo na kuupima. Muombe mchoro wake, umpelekee mhandisi. Huenda ukakuta siku mbili hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko zote mwezi huu.

Kuhusu bomba la zamani, uko sahihi nusu. Ndani ya njia ya bomba, ndiyo, kila kitu kilishavurugwa. Lakini mtaro wa bomba ni upana wa mikono miwili hivi. Mbavu zake bado nzima, na fundi aliyelifukia bomba alirudisha udongo wowote uliokuwa karibu. Mfereji wako ukiwa mpana zaidi, au ukitoka nje ya njia ile hata kidogo, unakata mapya.

Lakini hoja yako yenyewe inaweza kukuokoa. Kama njia ya bomba inajulikana, kwa nini mfereji wa maji ya mvua usifuate njia hiyo hiyo? Ardhi iliyokwisha kuchimbwa haina mengi ya kumzuia mwanaakiolojia, na nyinyi mtakwenda kwa kasi. Tatizo ni moja, nalo si dogo: maji ya bomba yanasukumwa, maji ya mvua yanajiendea yenyewe. Bomba linaweza kupanda na kushuka, mfereji lazima uteremke mwanzo hadi mwisho. Pimeni mwinuko kwanza. Mwinuko ukikubali hata theluthi mbili ya njia, mmeokoa siku nyingi.

Na kabla ya kuchimba mfereji mpya, tafuteni ule wa kale. Ngome ilijengwa ili watu waweze kuzingirwa ndani yake kwa miezi, kwa hiyo maji yalikuwa ni uhai. Fort Jesus ina kisima na birika la kuvunia maji ya mvua. Ngome yako nayo itakuwa na njia zake, zilizozibwa na takataka au na saruji ya miaka ya karibuni. Mara nyingi ua unatuama maji kwa sababu mtu aliziba njia ya zamani bila kujua ni nini. Kuizibua ni kazi nafuu kuliko kuchimba mpya, na inawafurahisha mwanaakiolojia, mhandisi na ukuta kwa pamoja. Sikuahidi kwamba itatosha, kwa sababu pengine ua umeinuka na lami au majengo mapya yanaleta maji ambayo wajenzi wa kwanza hawakuyatarajia. Lakini anzia hapo.

Kuhusu haki ya kukusimamisha: hukusema uko upande gani wa mpaka. Kenya, urithi wa aina hii uko chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Tanzania Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake. Kotekote jengo likishatangazwa kuwa la urithi, huchimbi bila kibali, na kibali huja na masharti. Usimamizi wa kiakiolojia ni mojawapo ya masharti hayo. Hata Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani wanaufuata, unasema ukarabati lazima utanguliwe na kufuatwa na utafiti wa kiakiolojia na wa kihistoria. Kwa hiyo ndiyo, anaweza kukusimamisha. Ila hawezi kukusimamisha anavyojisikia. Lazima kuwe na maandishi yanayosema asimamishe nini, kwa muda gani, amwarifu nani, na kazi ianze tena kwa idhini ya nani. Kama hujawahi kuyaona maandishi hayo, yaombe kesho. Kama hayapo, lawama si yako wala si yake. Ni ya aliyeandaa mradi.

Na kwa uaminifu, sisi wanaakiolojia tuna kosa letu. Wengi wetu tunasimama juu ya mfereji wa watu, tunaandika kwenye daftari, hatusemi kitu. Fundi anaona mtu aliyelipwa kumtazama akitoka jasho. Mwanaakiolojia mzuri huwaonyesha vijana mapema, siku ya kwanza, kigae kinafananaje, rangi ya udongo inabadilikaje, na kwa nini wasilivute jiwe linalotokeza ubavuni. Nikuambie, vitu vingi vizuri nilivyowahi kuandika viliokolewa na vibarua walioona kabla yangu.

Niseme pia kwamba kusimamia uchimbaji ni njia dhaifu kuliko zote tulizonazo. Mwanaakiolojia anakuja mchoro umeshapitishwa, mfereji umeshapangiwa njia, na anachoweza ni kuandika kinachoharibika. Njia bora ni mashimo machache ya majaribio kabla ya mchoro, yachimbwe kwa mkono, ili mfereji upitishwe pasipo na kitu. Kwako bado haijachelewa kwa sehemu iliyobaki. Muombe achimbe mashimo mawili au matatu mbele ya timu yako, kwenye njia mnayoielekea. Litakalomkuta atalikuta yeye peke yake, bila vibarua kumi wamekaa kivulini wakihesabu saa. Kuna watakaokupendekezea rada ya kupenya ardhini. Mahali pengine ni chombo kizuri, lakini kwenye udongo wenye unyevu wa chumvi na kifusi cha matumbawe mawimbi yake hufifia upesi. Nisingetoa fedha zangu hapo kabla ya mashimo ya majaribio.

Akikuta kitu kikubwa, kazi itafungwa? Mara nyingi hapana. Mkikuta msingi wa jengo la kale, jibu la kawaida ni kuurekodi, kuutandikia kitambaa cha kutenganisha na mchanga safi, kisha kuufukia na kupitisha mfereji juu yake kwa kina kidogo au kuukwepa kwa mita mbili. Kufukia tena si kupoteza. Ardhi ndiyo stoo nzuri kuliko zote, na haidai kodi. Timu yako wakati huo inaweza kuhamia kwenye lipu. Kama ratiba yako haina kazi ya pili ya kuwapa watu siku mfereji ukisimama, hilo ndilo la kurekebisha leo.

Kitakachosimamisha kazi kweli ni mifupa ya watu. Kwenye ngome zilizokuwa na kanisa, watu walizikwa chini ya sakafu, na zilizowahi kuzingirwa zina makaburi ya haraka haraka. Mkiona mfupa unaofanana na wa mtu, simameni, ufunikeni kwa kitambaa, msipige picha za kusambaza kwenye simu, mwiteni mwanaakiolojia, naye ataita mamlaka. Msiamue wenyewe ni kaburi la nani. Pwani yetu kibla kiko kaskazini, hivyo Mwislamu hulazwa mashariki kwa magharibi, na kwa desturi Mkristo wa zamani naye alilazwa mashariki kwa magharibi. Kinachotofautisha ni mkao: huyu kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, yule chali. Hilo linahitaji jicho la mzoefu na brashi, na baada yake wazee na viongozi wa dini husika wanapaswa kuwa na neno.

Kwenye lipu nako usimwache nyuma. Najua mnaona saruji ni takataka tu, na mko sahihi kuitoa, maana inaufungia ukuta unyevu na chumvi ndani. Lakini chini yake panaweza kuwa na lipu ya chokaa ya zamani, na juu ya lipu ile panaweza kuwa na maandishi au michoro. Fort Jesus ilipatikana michoro ya Wareno ya meli, samaki na watu, iliyochorwa kwa mkaa na ngeu, yaani udongo mwekundu. Fundi mwenye tindo kali angeimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Fungueni viraka vidogo vya majaribio kila ukuta, vya ukubwa wa sahani, kabla ya kubandua upana wote.

Kuhusu siku za mkataba, andika. Kila siku mliyosimama, weka kwenye daftari la kazi saa, sababu, na aliyeagiza, kisha omba nyongeza ya muda kwa barua mapema, usingoje mwisho. Kama kuna faini inayokukaribia, kaa na mkadiriaji majenzi au wakili ausome mkataba wako wenyewe. Mimi najua udongo, siyo vifungu. Omba pia kikao hapo hapo kwenye mfereji, wewe, mhandisi, mwanaakiolojia na mwakilishi wa mwenye kazi, na mkiwa hapo pimeni ukuta ule. Ukiona ufa mpya au ukuta umeanza kuegemea, usingoje kikao: ondoa watu, uegemeze kwa magogo, umwite mhandisi siku hiyo hiyo.

Tumalizie na tufe. Likishaonekana salama, mwambie mwanaakiolojia wako. Waziwazi, bila kusingizia kwamba limeonekana leo. Atakasirika kidogo, kisha atauliza swali moja tu: lilitoka wapi hasa, na kwa kina gani? Wewe hutaweza kumjibu. Nenda na kijana aliyelitoa. Mkapigeni kigingi mahali pale wakati bado anapakumbuka.